Kisima kisicho na tarehe

Wasomaji wangu, najua nimekuwa kimya muda mrefu. Wawili watatu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu au nimepata kazi ya maana. Hapana kwa yote mawili. Februari 2025 nilikwenda kuendesha baiskeli jangwani kaskazini mwa Kenya, peke yangu, na tangu nirudi Komarock nimekuwa nikibishana na wenzangu kazini, na mke wangu, na hata fundi wangu wa baiskeli wa pale Kangundo Road, juu ya jambo moja tu. Kila nikikaa kuandika kitu kingine, jambo hilo linarudi. Basi acha nilitoe leo.

Jambo lenyewe ni hili. Programu nyingi tunazoandika sisi watu wa Nairobi hazijui kusema "habari hii niliipata lini". Mtandao ukiwepo zinakuonyesha habari ya miaka mitatu iliyopita kana kwamba imeandikwa asubuhi ya leo. Mtandao ukikatika zinafunga mlango kabisa, hazikuonyeshi hata kile zilichokijua jana. Hapa mtaani makosa haya yote mawili yanakuudhi tu. Kule nilikokwenda yanaweza kukuua, na moja kati yake lilikuwa la kwangu mwenyewe, nimeliandika kwa mikono yangu hii.

Haya, safari kwanza.

Kila mtu hapa mtaani aliniuliza: kwani mabasi hakuna? Mabasi yapo. Siku hizi unapanda Eastleigh jioni na kesho yake uko Moyale, kwa sababu barabara ya Isiolo hadi Moyale, kilomita kama 500, ilikamilika kutiwa lami katika miaka ya 2010. Kabla ya hapo malori yalikuwa yakienda kwa msafara wenye askari, na watu walikuwa wanahesabu siku, si saa. Lakini mimi kazi yangu ni kukaa. Nakaa mbele ya kompyuta saa kumi kwa siku, nikitoka nakaa kwenye matatu, nikifika nyumbani nakaa kwenye kochi. Nilitaka wiki tatu za kutokaa, mahali ambapo hakuna mtu atakayenipigia kuniambia seva imelala.

Baiskeli yangu ni ya mitumba, ya milimani, fremu ya chuma. Fundi wangu alitaka nichukue Black Mamba. "Hiyo yako ikivunjika North Horr utapata wapi spea?" aliniuliza. "Black Mamba hata mchunga mbuzi anaijua." Alikuwa na hoja, lakini sikuwa tayari kupanda mlima wa Marsabit bila gia. (Spoki mbili zilipokatika nje ya Maikona nilimkumbuka sana.) Tulikubaliana nibebe spoki sita nilizofunga kwenye fremu kwa utepe, tyubu tatu, pampu, viraka na sulusheni ya kutosha. Sulusheni ndiyo iliyoisha kwanza. Mbigili za kule hazina adabu. Siku moja niliziba pancha tisa, kisha nikaacha kuhesabu.

Kipande cha lami sitakieleza sana. Isiolo, Archer's Post, Laisamis, Logologo, halafu unapanda hadi mji wa Marsabit ambako kuna msitu na ukungu na unatafuta sweta. Ni barabara nzuri. Kila mji nilipita kwa chifu au kituo cha polisi nikasema naelekea wapi, nao wakaniambia pa kulala na pa kutolala. Nashauri mtu yeyote afanye hivyo, na asiendeshe usiku, na akiambiwa njia fulani wiki hii haipitiki asijitie ushujaa. Mambo ya wizi wa mifugo na bunduki kule si hadithi.

Baada ya Marsabit niliiacha lami, nikashuka kuelekea Chalbi: Maikona, Kalacha, North Horr. Chalbi lilikuwa ziwa zamani za kale. Leo ni sakafu bapa ya udongo na chumvi, na mvua kubwa ikinyesha linarudi kuwa ziwa la kina kifupi kwa muda na magari yanakwama humo. Lilipokuwa kavu nililipenda mno. Unaendesha na huoni kitu kinachosogea isipokuwa kivuli chako. Asubuhi uso wake ni mgumu na baiskeli inakimbia. Ukigusa sehemu laini tairi linazama na unashuka kusukuma. Upepo ulikuwa mgongoni kwangu, kwa sababu upepo wa nchi ile hutoka kusini-mashariki mwaka mzima. Unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, unaongeza kasi. Mtaalamu wetu wa hali ya hewa, Kinuthia, pamoja na mwenzake Asnani, waliuandikia ripoti mwaka 1982, na ndio huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyosimamishwa karibu na Loiyangalani na kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Megawati 310. Nikiwa nimeupa mgongo niliusifu. Subirini nilipougeukia.

Maji sasa. Kwenye joto lile nilikuwa natumia lita nane hadi kumi kwa siku, ukiweka na za kupikia. Lita moja ni kilo moja. Ukibeba ya siku mbili umebeba mtu mdogo kwenye keria. Kwa hivyo hesabu yote ya safari ya jangwani, ukiondoa mapenzi na picha, ni umbali kati ya maji na maji. Kalacha kuna chemchemi, North Horr vilevile. Katikati unategemea visima.

Wapenzi wa vifaa wasogee karibu kidogo. Nilikuwa na dinamo ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, ile ya volti 6 na wati 3. Kwenye lami, kilomita 18 kwa saa, inachaji simu vizuri kabisa. Kwenye mchanga, kilomita 7 kwa saa huku nusu ya njia unasukuma, haichaji kitu. Isitoshe, simu ikipata joto sana inakataa kupokea chaji yenyewe ili kulinda betri, na jua la Chalbi linaipa simu joto hilo ndani ya dakika chache. Niliifunga kwenye soksi yenye maji. Pia niliiweka katika hali ya ndege, kwa sababu simu inayotafuta mnara usiokuwepo inakula betri kama mgeni aliyealikwa arusini. GPS inaendelea kufanya kazi humo humo, maana ni redio ya kupokea tu, haihitaji mtandao. Ila ukiizima simu siku kadhaa kisha ukaiwasha, vuta subira: mjini mtandao huinong'oneza simu setilaiti ziko wapi, jangwani inabidi ijisikilizie yenyewe kutoka angani, na inachukua muda. Usianze kuomba toba mapema.

Kosa la kwanza lilinipata nikiwa bado North Horr. Nilikuwa na programu moja ya kurekodi safari na kuhifadhi njia, sitaitaja jina. Njia yangu yote niliipakua nikiwa Komarock, kwa intaneti ya nyumbani, nikahakikisha imo ndani ya simu. Asubuhi ya kuondoka naifungua, inaniambia muda wangu umeisha, niingie upya kwa neno la siri. Kuingia upya kunahitaji mtandao, na mtandao asubuhi hiyo haukuwepo. Faili langu limo mfukoni mwangu, kwenye simu yangu, na programu imekaa mlangoni kama askari wa geti anayekwambia hakujui ilhali jana mlikula pamoja.

Nilicheka kwa uchungu, kwa sababu kipande kile cha msimbo nakifahamu. Nami nimekiandika. Kwenye programu ya kazini tuliweka kwamba baada ya saa 24 mtumiaji atolewe na aingie upya, kwa ajili ya usalama, na hakuna kati yetu aliyeuliza: je, akiwa hana mtandao? Watumiaji wetu wako Nairobi, tulisema. Nani hana mtandao Nairobi? (Kwa kweli ni yeyote ambaye bando limeisha, yaani nusu ya Kayole siku ya tarehe 25.)

Basi nikaachana nayo, nikategemea programu yangu mwenyewe. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Kabla ya safari niliandika kijiprogramu cha visima. Jioni mbili tu za kazi. Nilikusanya orodha za vyanzo vya maji vya Marsabit kutoka sehemu mbalimbali zilizo wazi kwa umma, nikazimwaga kwenye lahajedwali moja, nikazigeuza ziwe nukta za bluu juu ya ramani ambayo haihitaji mtandao. Kilipendeza! Nilimwonyesha kila mtu. Katika lahajedwali kulikuwa na safu ya tarehe: kisima hiki kilikaguliwa lini. Kwenye baadhi ya visima ilijazwa, kwenye vingine ilikuwa tupu. Kwenye skrini ndogo ile tarehe ilifanya maandishi kuwa marefu, yakawa yanakatika vibaya pembeni. Nikaifuta safu hiyo. Nakumbuka hata saa yenyewe, ilikuwa usiku kama saa tano, na nilijisifu kwamba sasa ni safi.

Kati ya North Horr na Loiyangalani ni chini ya kilomita 100. Kwenye lami ni safari ya asubuhi. Kule ni mchanga, kisha mawe meusi ya volkano yasiyoisha, na upepo ule niliousifu sasa unanipiga ubavuni na usoni. Nilipanga siku moja na nusu, nikabeba lita 12, na katikati ya njia palikuwa na nukta ya bluu. Kisima cha mashine. Nilikitegemea kama unavyotegemea duka la jirani.

Nilikifikia kama saa tisa alasiri. Birika la kunyweshea mifugo lilikuwa kavu, limejaa mavi ya mbuzi yaliyokwisha kuwa meupe. Paneli za sola zimeondolewa, zimebaki nguzo. Mfuniko wa bomba umetiwa kutu. Ungeweza kusema hapajatoka maji pale kwa misimu mingi. Nami nilikuwa nimebakiza lita mbili, kwa sababu tangu saa sita nilikuwa nakunywa kama mtu anayejua maji yapo mbele. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Nisingekuwa na ramani yoyote, ningekunywa kwa kujibana. Nukta ile ilinifanya nifuje maji niliyokuwa nayo.

Nilikaa kwenye kivuli cha nguzo, chembamba kama mwiko, nikafanya hesabu. Kurudi North Horr, nilikotoka alfajiri: siyo leo. Kuendelea: siyo kwa lita mbili. Sikuwa na kile kifaa cha kutuma ujumbe kupitia setilaiti. Nilikuwa nimekiona bei nikasema kwa safari moja, ya nini. Nilianza kuandika ujumbe kwa mke wangu kwenye simu, ambao ungekwenda pale tu nitakapopata mnara. Nikaufuta, nikaandika mwingine.

Baada ya kama saa moja alitokea mzee mmoja wa Kigabra na kijana wake, na ngamia. Tulisalimiana kirefu, jinsi wanavyosalimiana kule: mvua, mifugo, njia, watu. Nilitaka kuruka moja kwa moja kwenye maji lakini nilijizuia. Alipomaliza alitazama baiskeli, akatazama kisima, akaniuliza nafanya nini pale.

"Nilikuja kuchota maji, mzee."

"Hapa?"

"Nilijua kuna maji hapa."

"Nani alikuambia?"

Nilimwonyesha simu. Aliitazama ile nukta ya bluu kwa makini, bila dharau yoyote.

"Na yeye alikuambia lini?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua kinywa nikaona sina. Nilikuwa nimelifuta jibu lenyewe, Komarock, saa tano usiku, kwa sababu lilikuwa linakatika pembeni.

Mashine ile, alisema, ilikufa zamani, na mwaka jana wakati wa mvua hakuna aliyekuja kuitazama. Lakini upande ule, akanyoosha fimbo, kuna laga, na kwenye laga kuna visima vya kuchimbwa kwa mkono. "Jana ngamia hawa walikunywa pale. Mimi mwenyewe nilikuwa. Jana." Alirudia neno hilo mara mbili. Yana chumvi, akasema, lakini hayadhuru. Kijana wake alinisindikiza mpaka tulipoiona miti. Walinipa na maziwa ya ngamia, nami niliwapa majani ya chai na sukari, na nilikunywa maji yale ya chumvi usiku kucha nikiyaona matamu.

Kesho yake jioni niliingia Loiyangalani. Simu ilipopata mnara nilimpigia mke wangu. Alikuwa ametulia tuli. "Si ulikuwa North Horr unapumzika?" aliniambia. Kumbe programu tuliyokuwa tukitumia ya kuonana mahali tulipo ilibakiza nukta yangu North Horr kwa siku mbili, mahali pa mwisho palipokuwa na mtandao, na haikumwambia kwamba nukta ile ni ya juzi. Yeye aliitazama kila jioni akalala vizuri. Nilipokuwa nimekaa chini ya nguzo nikiandika ujumbe na kuufuta, yeye alikuwa anamwambia mama yangu niko salama, maana ameniona.

Kurudi nyumbani sikurudi kwa baiskeli, nakiri. Nilijaribu barabara ile waliyoitengeneza hadi Laisamis kwa ajili ya mitambo ya upepo, kilomita 208, lakini ilinibidi niuelekee upepo uso kwa uso, na upepo ule huwa mkali zaidi usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo mpanda baiskeli anazitaka kwa sababu ya joto. Siku ya kwanza nilipoona natembea kwa kasi kuliko ninavyoendesha, nilisimamisha lori.

Sasa hoja. Nilipowasimulia wenzangu kazini, jibu la kwanza lilikuwa: tatizo ni mtandao, na mtandao unakuja. Starlink ilizinduliwa Kenya Julai 2023, subiri kidogo. Ndugu zangu, tafakarini. Ningekuwa na intaneti ya kasi pale kisimani, ningepata nini? Ningepakua nukta ile ile ya bluu, kwa haraka zaidi. Mnara wa simu haumkagui fundi wa pampu. Habari yangu ilikuwa imezeeka kabla haijafika kwenye simu, na mtandao hauwezi kuifanya kijana.

Jibu la pili: watumiaji hawapendi skrini iliyojaa maandishi. Hili nililiamini mimi mwenyewe, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Angalia ujumbe wa M-Pesa. Tangu huduma ile ianze Machi 2007, kila muamala unakuletea SMS yenye kiasi, jina, tarehe, saa na salio. Haina picha, haina rangi. Mama muuza mboga hapa Komarock anaisoma bila shida, tena anaisoma hata akiwa hana mtandao, na anajua kwamba salio lile ni la saa ile, si la sasa. Hakuna aliyelalamika kwamba tarehe imejaza nafasi. Kama watu wanaweza kusoma tarehe kwenye pesa, wanaweza kuisoma kwenye maji.

Na ukitaka mfano mkubwa zaidi, tazama GPS yenyewe, kitu pekee ambacho hakikuniangusha hata dakika moja safari nzima. Setilaiti zile ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, kila moja ina saa ya atomi, na kile zinachotuma ukikifupisha ni: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na sasa ni saa fulani kamili. Simu inapima ujumbe umechelewa kiasi gani kufika, ikisikia setilaiti nne inajua ulipo. Ondoa muda kwenye ujumbe huo na mabilioni yote yaliyorushwa angani ni vyuma chakavu. Zaidi ya hapo, maelezo ya mahali setilaiti ilipo hupitwa na wakati baada ya saa chache tu, na simu hujua kwamba yamepitwa, hutafuta mapya. Waliobuni mfumo ule walijua habari huzeeka, wakaujenga juu ya ukweli huo. Sisi tunachukua matokeo yake na kuyabandika juu ya visima visivyo na umri.

Hata wazee wa safari hizi walikuwa nalo. Kuna Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak, aliyeivuka Afrika kati ya 1931 na 1936 peke yake, kuanzia Libya, kwa baiskeli na pale baiskeli ilipokataa kwa miguu, farasi na ngamia. Barua zake zilichukua muda mrefu kufika kwao Poznań. Lakini barua ina tarehe juu. Aliyeisoma alijua kwamba mtu huyu alikuwa hai siku ile, na kuhusu leo hajui. Ni wasiwasi, ndiyo, lakini ni wasiwasi wa kweli. Mke wangu, karibu miaka 90 baadaye, akiwa na simu ya kisasa, alipewa utulivu wa uongo.

Na Waafar wa Ethiopia, Eritrea na Djibouti wana desturi wanayoiita dagu. Wasafiri wawili wakikutana jangwani husimama, hukaa, hupeana habari za malisho na maji na usalama, na anayesikiliza ana haki ya kuchunguza: umeona mwenyewe au umesikia, na kama umesikia, kwa nani? Habari ikipita kwa mtu wa tatu inabeba chanzo chake. Sikulijua hilo nilipokuwa pale kisimani, nimelisoma baada ya kurudi, lakini nilipolisoma nilisikia sauti ya yule mzee wa Kigabra. Watu waliozaliwa jangwani hawawezi kumudu habari isiyo na umri, kwa hiyo hawaipokei.

Si kwamba wataalamu hawajalifikiria. Kile kiwango cha Water Point Data Exchange cha kubadilishana takwimu za vyanzo vya maji kinadai tarehe ya ripoti na chanzo chake katika kila safu. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza Uingereza mwaka 2004, ina lebo inayoitwa check_date. Hapa pana mtego ambao watengeneza programu wanauangukia, kwa hiyo nauweka wazi: kila kitu katika ramani hiyo kina tarehe ya kuhaririwa mara ya mwisho, na ni rahisi kudhani hiyo ndiyo tarehe ya ukweli. Siyo. Mtu aliyekaa Berlin akisahihisha herufi moja ya jina la kisima, tarehe inasogea hadi leo, na kisima chenyewe hajakiona. Kuhaririwa ni jambo moja, kukaguliwa ni lingine. Ukitumia data hizo, tafuta check_date. Ukiikosa, mwambie mtumiaji wako kwamba haipo. Acha pengo lionekane.

Hayo ndiyo niliyoyafanya kwenye kijiprogramu changu. Safu ya tarehe imerudi, na safu mpya ya chanzo. Nukta iliyokaguliwa ndani ya miezi mitatu ni bluu iliyokolea, halafu inafifia kadiri muda unavyopita, na ile isiyo na tarehe ni duara tupu lenye alama ya kuuliza. Ramani nzima ya Marsabit sasa imejaa maduara matupu. Ni mbaya, haipendezi hata kidogo, na wenzangu wanasema hakuna mtu atakayeipakua. Inawezekana. Kazini nako nimepeleka badiliko kwamba mtumiaji asiye na mtandao asitolewe nje, aone kile alichokuwa nacho, na juu yake paandikwe ni cha lini. Bado linajadiliwa. Mtu wa usalama hajakubali, na sababu zake si za kijinga: simu ikiibiwa, mwizi naye ataona. Tunabishana kuhusu saa 72.

Mke wangu naye ana utaratibu wake mpya, na hauna programu. Nikisafiri tena, namtumia SMS kila penye mnara: mahali, saa, maji niliyobeba, na siku ambayo akinikosa aanze kupiga simu. Ameuandika kwenye daftari la jikoni.

Nimeweka visima vya kule kwenye laga ndani ya faili. Tarehe: 18 Februari 2025. Chanzo: nimekunywa mwenyewe. Kile kisima cha mashine nimekiandika kimekufa, tarehe hiyo hiyo. Nukta ya laga imeshaanza kufifia kwenye simu yangu, kwa hiyo kama kuna msomaji anayepita kati ya North Horr na Loiyangalani hivi karibuni, tafadhali aniandikie kama maji bado yapo. Aniambie na siku aliyoyaona.